Ngoma ya Mtu Mmoja

Isukuti ikikoma ghafla, iwe ni matangani Shinyalu au harusini Khayega, kuna kitambo kifupi ambapo watu huendelea kucheza ngoma ambayo haipo tena. Miguu inamalizia hatua iliyokwisha kuianza, mabega yanatua, mpiga pembe anaishusha pembe ya paa na kujifuta midomo, manyanga ya chuma yanatulia mikononi. Halafu masikioni kinabaki kitu. Mdundo umekwenda zake lakini umeacha nyuma sauti nyembamba, ndefu, isiyovuta pumzi wala kupokezana na nyingine. Wengi hawaitambui hata kidogo, kwa kuwa hutoweka kabla chai haijapoa kikombeni. Lakini katika mkusanyiko wowote mkubwa wapo wachache ambao sauti ile haitawaacha. Mmoja wao ataondoka nayo, atapanda nayo boda, atakula nayo chakula cha jioni, na taa ikizimwa ndipo itakapopanda kifuani mwa usiku na kutawala. Mkewe amelala kando yake, pumzi zao zinagusana, naye hasikii chochote. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Ngoma hii ya sikioni haijawahi kuisikia methali hiyo. Inavuma miaka na miaka, na ngozi yake haipasuki.

Nimekuwa nikiifikiria tofauti iliyopo baina ya ngoma hizi mbili. Isukuti ya Waisukha na Waidakho ni sauti ya hadhara kwa kila namna. Hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinazoitikiana. Hupigwa mtoto akizaliwa, vijana wakitoka jandoni, bibi harusi akipelekwa, mzee akizikwa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka, kwa hofu kwamba wazee wanaondoka na vijana hawarithi. Maana yake ni kwamba dunia nzima iliitwa kushuhudia sauti moja ya Kakamega na kukubali kwamba ipo na kwamba ikipotea tutakuwa tumepoteza. Hivyo ndivyo sauti inavyopata ukweli wake miongoni mwetu: mmoja huuliza, umesikia? Mwingine hujibu, nimesikia. Hapo jambo limesimama. Sasa mfikirie mtu anayeuliza, umesikia? Naye hujibiwa kila siku, na kila mtu anayempenda, sijasikia kitu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, tunasema, na tukishasema hivyo huwa tunaondoka makaburini. Mtu huyu yu hai, anatuangalia tunavyoondoka.

Wasomi wa sikio wanatueleza kwamba ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo mno, ambazo kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa hewa kuwa ujumbe wa neva. Kelele kubwa huzichakaza, uzee huzichakaza, baadhi ya dawa huziua, na zikifa hazioti tena. Ubongo uliozoea kupokea habari kutoka pande hizo hujikuta umenyimwa, nao huongeza nguvu ya kusikiliza hadi huanza kuusikia mchakamchaka wake wenyewe. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wamewahi kuwa na mlio wa namna hii, na kwamba kwa zaidi ya milioni 120 kati yao mlio huo ni tatizo kubwa la maisha. Nikisoma tarakimu kama hizo, mawazo yangu hayaendi mbali. Huenda kwenye kisiagi cha soko lolote la kaunti hii ya Kakamega, alasiri ya siku ya soko, wakati debe na gorogoro zimepangwa kwenye foleni hadi nje ya mlango. Kijana anayeendesha mashine amejaa vumbi la unga hadi kwenye kope. Mshipi wa injini unazunguka, bati la ukuta linatetemeka, na mteja akitaka kusema neno hulisema kwa vidole: husugua kidole gumba juu ya cha shahada kuomba unga laini. Masikioni kijana amejisokomezea vipande vya sponji alivyonyofoa kwenye godoro kuukuu. Mashine ikizimwa, yeye huendelea kupaza sauti kwa muda, na watu humcheka kwa upole. Hawajui kwamba kwake mashine haijazimwa.

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinasema mfanyakazi asikae kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa nane za siku. Ni kanuni njema, na laiti ingefika katika kila kisiagi, katika kila karakana ya jua kali inayonyoosha mabati, na chini kwenye mashimo ya dhahabu ya Rosterman, ambako mgodi wa wakoloni ulifungwa mwaka 1952 lakini watu hawakuacha kuchimba. Wapo wazee waliofanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Mumias tangu miwa ya kwanza iliposagwa pale mwaka 1973. Kiwanda kikaja kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, lakini mitambo iliyonyamaza Mumias huenda bado inanguruma ndani ya kichwa cha mtu aliyestaafu Matungu. Sheria ina kifaa cha kupima kelele iliyo nje. Kelele iliyokwisha kuhamia ndani haina kifaa. Hiyo ndiyo mizani tuliyonayo: tunaweza kuthibitisha kosa lililofanywa na mashine, lakini tunashindwa kuthibitisha kilichobaki kwa binadamu.

Hata hivyo watu wa Magharibi ya Kenya hawaikuti sauti hii wakiwa wageni kabisa. Nchi ya malaria ilitufundisha. Kwa miaka mingi kwinini ilikuwa ndiyo ngome ya mwisho malaria ilipokuwa kali, na aliyetundikiwa dripu ya kwinini utotoni hakumbuki uchungu wake tu; anakumbuka jinsi wodi nzima ilivyohamia mbali, sauti ya mama ikawa inatoka ng'ambo ya mto, na katikati ya kichwa ukaanza mvumo. Dawa hiyo ina tabia hiyo inayojulikana tangu zamani: hugusa kusikia. Kadhalika baadhi ya sindano zilizotumika kutibu kifua kikuu sugu, kama kanamaisini, ziliwaokoa watu mapafu zikawachukulia masikio, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoanza mwaka 2018 kuelekeza kwamba dawa za kumeza zichukue nafasi yake. Kwa hiyo, ukimuuliza mtu mzima wa Kakamega kama anaujua mvumo wa masikio, huenda akakujibu mara moja: kama wa kwinini? Mlango umefunguka, na mwulizaji hufurahi. Lakini hapo hapo kuna shimo. Mvumo wa kwinini huja na dawa na kwa kawaida huondoka na dawa. Aliyelala nao alijua kwamba homa ikipoa, nao utakwisha. Mateso ya huyu wetu mwenye mlio yanatokana na kutojua mwisho. Ukipima ugonjwa wake kwa kumbukumbu ya kwinini, utapata ukubwa wa sauti na kupoteza urefu wa usiku.

Usiku huo ndio mzizi wa jambo lote. Kliniki yenye vifaa inaweza kumwekea mtu vipokea sauti masikioni na kumchezea mlio baada ya mlio hadi aseme, hapo, huo ndio unaofanana na wangu. Watafiti wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na walichokiona kinashangaza: mlio unaomtesa mtu mara nyingi hulingana na sauti iliyozidi kwa desibeli chache tu kile kiwango cha chini kabisa anachoweza kusikia. Na wawili wenye mlio uleule, wa kimo kilekile na nguvu ileile, huweza kuishi maisha yasiyofanana hata kidogo. Mmoja analima, anaimba kwenye kwaya, anasahau. Mwenzake hajalala vizuri tangu msimu uliopita wa mahindi. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima katika chumba kisichopenyeza sauti, na asilimia 94 walisema wanasikia kitu: mvumo, mlio, kengele ya mbali. Kwa hiyo karibu kila mmoja wetu ana ngoma ndogo ndani, iliyofunikwa na kelele za dunia. Kinachowatenga wanaoteseka ni kile ambacho sauti ile inawaambia. Mtafiti Pawel Jastreboff alikuja kueleza mwaka 1990 kwamba mateso huanza pale ubongo unapoipa sauti hiyo maana ya hatari, kisha unakesha ukiichunga. Nayo maana ya hatari haining'inii hewani. Hapa kwetu wengi hukimbilia kusema ni presha, na mtu aliyemzika ndugu kwa presha hatalala na mvumo ule kwa amani. Wengine husema sikio likilia ujue mahali unasengenywa. Wapo wanaoogopa kuutaja kabisa, wasije wakaambiwa wamerogwa au wameanza kuchanganyikiwa.

Ikiwa mashine imeshindwa, limebaki swali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na njia pekee ya kuwajua ni kumuuliza aliyekilalia. Ndivyo zilivyozaliwa hojaji. Hallam na wenzake walitunga moja Uingereza mwaka 1988 yenye maswali 52. Mwaka 1996 Newman, Jacobson na Spitzer wakatoa nyingine Marekani, fupi zaidi, ya maswali 25, ambayo imesafiri kwenda katika lugha nyingi za dunia. Ukiishika mkononi ni karatasi ya kawaida tu. Kila swali lina majibu matatu: ndiyo, wakati mwingine, hapana. Ndiyo hupewa alama nne, wakati mwingine hupewa mbili, hapana haipewi kitu, na jumla huanzia sifuri hadi 100. Inauliza kuhusu usingizi, hasira, uchovu, kazi, ugomvi na jamaa, kukata tamaa. Siri ya mtungi aijuaye kata: macho yanauona mtungi kwa nje, ulivyosimama na ulivyonakshiwa, lakini kata huzama, hugusa tope lililotulia chini, hupanda na maji yalivyo. Swali zuri ni kata. Nalo likiwa fupi kuliko mtungi, litachota maji ya juu kila siku na kuapa kwamba mtungi hauna tope.

Kilichonifanya niitafakari karatasi hii ni habari kwamba watu wa Hong Kong walikataa kuiamini hivi hivi. Chombo kilikuwa kimekwisha kupata sifa kwa Kiingereza. Ingekuwa rahisi kukigeuza maneno na kukigawa. Badala yake watafiti wa huko walikaa nacho, wakakipitisha kwa wagonjwa wao wanaosema Kikantoni, wakakipima upya tangu mwanzo, na mwaka 2009 wakachapisha walichopata. Hali yao ina jambo linalotugusa. Mtu wa Hong Kong huzungumza, hugombana na huota ndoto kwa Kikantoni, lakini akishika kalamu huandika maandishi rasmi ya Kichina yaliyo mbali na kinywa chake. Lugha ya karatasi ni moja, lugha ya usiku ni nyingine. Nani wa Kakamega asiyeijua njia hiyo? Mama wa Butere analia kwa Kimarama, wa Malava anapiga kite kwa Kikabras, wa Mumias anaomba kwa Kiwanga. Akifika hospitalini anaulizwa kwa Kiswahili, na jibu lake linaandikwa kwa Kiingereza. Maumivu yamevuka mito mitatu kabla hayajafika kwenye faili. Kila kivuko kina ushuru wake, na anayelipa ni mgonjwa.

Na kabla hata ya lugha kuna adabu. Sisi ni watu wa salamu. Mulembe. Mulembe muno. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Na mvua huko kwenu? Inanyesha vizuri. Ndipo, baada ya kila kitu kuwa kizuri, linapokuja lile neno dogo linalobeba mzigo wote: isipokuwa. Isipokuwa mzee hajaamka kitandani wiki hii. Isipokuwa mimi mwenyewe usingizi umenikimbia. Nzuri ya kwanza si uongo. Ni mkeka unaotandikwa ili ubaya upate mahali pa kukalishwa. Hojaji inayoingia bila kubisha hodi, ikauliza swali la kwanza na kuweka alama kwenye jibu la kwanza, itaondoka na mkeka na kumwacha mgeni amesimama. Ndiyo maana kisanduku cha katikati, kile cha wakati mwingine, kinaweza kujaa sana katika nchi kama yetu. Mtu mwenye haya hukimbilia huko. Kukataa kabisa kungekuwa kumdanganya daktari, na kukubali kabisa kungekuwa kumlalamikia Mungu.

Nimewaza mara nyingi jinsi swali moja linavyoweza kukosa njia. Muuguzi kijana amekaa na ajuza kwenye benchi, kalamu mkononi. Anamwuliza kwa upole, "Kukhu, hiyo sauti inakufanya ukasirike?" Ajuza anamtazama, anacheka kidogo. "Nimkasirikie nani, mwanangu? Si mtu." Kalamu inaelekea kwenye hapana. Lakini kukhu hajamaliza, maana watu wake hawamalizi jambo kwa neno moja. Anasema kwamba siku hizi wajukuu wakianza kucheza ndani huwatoa nje, hata mvua ikinyesha, na kwamba mdogo wao alishikwa na kifua kwa sababu hiyo, naye akalia usiku kucha kwa kuona amekuwa bibi wa namna gani. Kila neno la masimulizi yale ni ndiyo. Karatasi ingesema hapana, na alama nne za mateso yake zingepotea kwa sababu swali lilitafuta hasira iliyo na mlengwa, na yeye ana hasira isiyo na mtu wa kuelekezewa. Kosa hapa si la kukhu. Swali ndilo lililopelekwa shuleni likafeli, na linapaswa kurudia darasa.

Kazi ya kuithibitisha hojaji ni hiyo hasa: kuliweka swali kizimbani. Maswali hutafsiriwa, kisha mtu mwingine ambaye hajaiona asili huyarudisha kwenye lugha yalikotoka, ili nyufa zionekane. Watu huketishwa mmoja mmoja na kuombwa waeleze, kwa maneno yao, walivyoelewa wanachoulizwa. Halafu hojaji hupewa wengi, na hurudiwa kwa wale wale baada ya siku kadhaa, kuona kama inasimama mahali pamoja ikiwa hali ya mtu haijabadilika. Hukaguliwa kama maswali yake yanavutana upande mmoja, kwa hesabu aliyoifafanua Lee Cronbach mwaka 1951 na ambayo hadi leo hubeba jina lake. Hulinganishwa na vipimo vingine vya huzuni na wasiwasi, kuona kama wanaoumia huku wanaonekana kuumia na kule. Ukiyatazama kwa haraka ni mambo makavu ya wahasibu. Mimi ninayaona kuwa ni heshima iliyopewa umbo la hesabu. Desturi imetuzoesha kwamba mwenye karatasi humhoji asiye na karatasi, na jibu likiwa la ajabu, aliyejibu ndiye hakuelewa. Hapa mambo yanapinduliwa. Mwendesha kisiagi na kukhu wa benchini wamekuwa mahakimu. Swali la profesa linasimama mbele yao na kusubiri hukumu.

Jirani zetu wametuonyesha kwamba inawezekana kwenda mbali zaidi. Mtafiti Paul Bolton na wenzake walipofanya kazi Rwanda baada ya mauaji ya kimbari, na kisha kusini-magharibi mwa Uganda katika wilaya za Rakai na Masaka karibu na mwaka 2000, hawakuanza na karatasi. Waliwauliza wanakijiji wenyewe ni mateso gani yaliyowaandama, wakaandika maelezo yao, na ilipofika wakati wa kuipima hojaji ya sonona waliwatumia watu wa kijiji kama mizani: majirani waliomjua mtu waliulizwa kama anayo hali ile wanayoijua wao, na karatasi ikalinganishwa na walichosema. Hapa karibu zaidi, katika kaunti ya Bungoma tunayopakana nayo kaskazini, watafiti walichapisha mwaka 2018 kazi ya kutengeneza chombo cha kugundua sonona ya wajawazito na waliojifungua, kilichochanganya vigezo vya vitabuni na namna ambayo akina mama wa pale huielezea huzuni hiyo wao kwa wao. Chombo hicho hakikuletwa kikiwa tayari. Kilifumwa kwa nyuzi za pande mbili.

Unaweza kusema kwamba huzuni huonekana, na kwamba mlio wa sikio haumpi jirani nafasi ya kuwa shahidi. Ni kweli kwamba hakuna jirani atakayeusikia. Lakini kijiji husikia kinachoufuata. Mke anajua ni saa ngapi mumewe anaketi kitandani na kuwasha redio kwa sauti ya chini ili apate kitu cha kuusindikiza usiku. Mwalimu wa kwaya anajua ni lini mwimba besi mahiri alianza kuja kwa kuchelewa, kisha akaacha. Mwenye kisiagi anajua kwamba kijana wake amekuwa mwepesi wa kugombana na wateja. Katika nchi ambayo mtu haishi peke yake, maumivu ya mtu mmoja huandikwa kwenye mienendo ya watu watano. Hojaji itakayofaa Kakamega ingepaswa kuwa na sikio la namna hiyo: imwulize mwenye mlio kuhusu presha anayoihofia, imwulize kama bado anakwenda matangani, ambako ngoma humwongezea adha lakini kutokwenda humtenga na ukoo. Kwa mtu wa hapa, kukosa matanga si burudani iliyopungua. Ni deni kwa wafu na aibu kwa walio hai.

Najua shaka inayoweza kuinuka moyoni mwa msomaji, kwa sababu nami huwa inanijia. Je, si kumdhalilisha mtu kumwambia usiku wake wote ni alama 64? Tumeona tarakimu zikila watu hapo awali. Tumehesabiwa kwa kodi ya kibanda, kwa kipande, kwa sensa zisizorudi na chochote. Lakini nikimtazama mtu ambaye kwa miaka hajaaminiwa, naiona tarakimu kwa jicho jingine. Kwake namba ni shahidi. Inamwezesha kuingia kwa daktari na kusema, mwezi wa tatu ilikuwa 64, sasa ni 44, na watunzi wa hojaji ile ya maswali 25 wenyewe walikadiria zamani kwamba tofauti ya alama 20 ni badiliko la kweli. Watafiti wa baadaye wakasema hata alama saba zinaweza kuwa na uzito kwa mgonjwa. Alama saba ni nini? Huenda ni kulala hadi jogoo wa kwanza. Huenda ni wajukuu kuruhusiwa kucheza ndani mvua ikinyesha. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema kwamba takribani asilimia 78 ya nchi za kipato cha chini hazina hata daktari mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni. Kenya imepanda ngazi kidogo kwa kipato, lakini mtu wa Lugari au Navakholo anaijua maana ya daktari bingwa kuwa mbali. Mahali ambapo bingwa na mashine yake hawafiki haraka, karatasi iliyopimwa vizuri mikononi mwa muuguzi wa zahanati ndiyo inayofika.

Mficha maradhi kifo humuumbua, tunawaambia wagonjwa, na kila mara lawama huwa juu ya anayeficha. Sijawahi kusikia methali inayomlaumu asiyeuliza. Watu wengi hawafichi; wamechoka kujieleza kwa wasioamini, na wakanyamaza. Kuwaendea na swali lililopikwa vizuri ni kuwarudishia neno. Lakini kuuliza kunamfunga mwulizaji. Aliyemwuliza kukhu kama analala, akajibiwa halali, hawezi kukunja karatasi akaondoka kama aliyemaliza kazi. Vipo vinavyosaidia: mafunzo ya kuutuliza wasiwasi kwa mazungumzo, ambayo ushahidi wake katika kupunguza mateso ya mlio ni mzuri; vifaa vya kusikilizia kwa waliopungukiwa na usikivu; kumweleza tu mtu kwamba hajarogwa, kwamba mlio pekee si dalili ya wazimu, na kumpima presha hapo hapo mbele ya macho yake ili akalale na jibu. Hayo yote yanahitaji watu na fedha, na bajeti za kaunti husikiliza tarakimu kuliko zinavyosikiliza vilio.

Kwa hiyo ningependa kazi hii ifanyike hapa, na ifanyike kwa ukamilifu ule ule ambao watu wa Hong Kong walijiwekea wao wenyewe. Kakamega ina hospitali ya rufaa ya kaunti, ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ina Mumias ambako viziwi wamekuwa wakisomeshwa kwa zaidi ya miaka 60, ina vijana waliosomea afya ya jamii na wanaoijua lugha ya bibi zao. Waanze sokoni, mashimoni Rosterman, kwenye karakana. Wasikilize kabla ya kuandika. Na siku hojaji itakapokuwa imekamilika, nakala ya kwanza isipelekwe kwenye kabati la maktaba. Ipelekwe kwa wale walioyarekebisha maswali, isomwe mbele yao kwa lugha yao, nao waambiwe: hili hapa ni swali lililokuwa baya, nanyi ndio mliolinyoosha, na huyu hapa ndiye atakayekaa nanyi kila mwezi kulishughulikia jibu lake.